Kapu la Ulezi kwa Noti ya Ziwa

Kusini mwa Fort Portal kuna maziwa madogo mengi yaliyolala ndani ya mashimo ya volkeno za kale, na mojawapo, Nyinambuga, ndilo lililochorwa kwenye noti ya shilingi 20,000 ya Uganda. Mwezi wa nne uliopita nilisimama kwenye ukingo wake nikiwa na noti hiyo mkono wa kushoto na simu mkono wa kulia, nikijaribu kupata picha ambayo ziwa lenyewe na ziwa la noti yangekaa sambamba. Nilipiga picha kumi na nane na hakuna hata moja iliyofaa. Mwanga ulikuwa mweupe kupita kiasi, milima ya Rwenzori ilikuwa imejifunika mawingu kama ilivyo desturi yake, na noti, ambayo bila shaka ilikwisha kupita mikononi mwa wauza nyanya wengi kabla ya kunifikia, ilikuwa imechakaa kiasi kwamba ziwa lake lilionekana kama doa la chai.

Haikuwa mara ya kwanza kurudi mikono mitupu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitumia likizo zangu kuzuru mahali panaposifiwa kwa uzuri: maporomoko ya Sipi kwenye mteremko wa Mlima Elgon, ziwa Bunyonyi na visiwa vyake, Jinja ambako Mto Nile unatoka ziwani na ambako mimi mwenyewe nilikulia katika kambi ya jeshi. Kila mahali nilifika kama mtu anayekwenda kuchukua mzigo kwenye ofisi ya basi: nikaonyesha risiti, nikasaini, nikaondoka. Nilijua kwamba palikuwa pazuri kwa sababu niliambiwa hivyo, na picha zikathibitisha, lakini baada ya wiki moja nisingeweza kukueleza lolote kuhusu mahali pale isipokuwa kwamba palikuwa na kijani kingi.

Nilipokuwa nikirudi barabarani kutoka ziwani, nilimkuta mama mmoja ameketi chini ya mparachichi, miguu ameinyoosha mbele, anasuka. Alinisalimu kwa Kitooro, na nilipojibu kwa Kiswahili akageuza lugha bila shida, kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa askari kama baba yangu; ila kabla ya mazungumzo mengine yoyote alitaka kujua empaako yangu. Kwa Watooro, empaako ni jina la heshima na la mapenzi ambalo mtu hupewa juu ya majina yake mengine, na ndilo linalotumiwa watu wanaposalimiana, ili salamu isiwe kavu. Nilimwambia sina. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba nimekiri kwamba sina shati, akaniita Akiiki papo hapo, naye akataka nimwite Abwoli.

Alichokuwa akikisuka ni endiiro, kapu dogo lenye kifuniko ambamo ugali wa ulezi huwekwa ungali wa moto. Mtu wa pwani akiliona atalihesabu katika ukoo wa jamanda, ingawa ufundi wake ni mwingine. Hapa hakuna kupishanisha kindu, yale majani ya mkindu yaliyochanwa. Kapu linajengwa kwa kuzungusha fungu jembamba la nyasi, mzunguko juu ya mzunguko, na kila mzunguko unashonewa ule wa chini yake kwa shazia na uzi wa rafia, hadi ukuta usimame wenyewe bila mti wala waya. Mishono ya Abwoli ilikuwa midogo na imebanana kiasi kwamba nilipopitisha kidole sikuhisi nafasi kati yake. Juu ya rangi ya asili ya rafia, ambayo ni kama ya maziwa yaliyokaa, kulikuwa na ngazi nyeusi zilizopanda kwa mshazari kutoka kitako hadi mdomoni, na weusi wake ulikuwa mzito, usio na mng'ao, wa aina ambayo sijawahi kuiona kwenye kitu cha dukani.

"Abwoli, rangi hii nyeusi umeinunua wapi?"

"Sijainunua, Akiiki. Imetoka pale."

Hakunyoosha kidole, alinyoosha midomo, kama tunavyofanya sisi, kuelekea bondeni. Kisha akanieleza kwamba rafia huchemshwa kwanza pamoja na majani, halafu huzikwa kwenye tope la kinamasi na kuachwa siku kadhaa, ikatolewa, ikaoshwa, na ikiwa haijakolea ikarudishwa tena. Si tope lolote linalofaa. Kuna upande wa bonde ambao tope lake hutoa weusi, na kuna upande ambao hutoa kijivu cha panya, na tofauti hiyo aliifundishwa na mama yake, ambaye naye aliijua kwa kuzama hadi magotini.

Bonde hilo lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote niliokuwa ziwani. Kila nilipopiga picha nilikuwa nikiinua simu kidogo ili lisionekane, kwa sababu niliona ile nyeusi yake inaharibu mandhari.

Nililinunua kapu kwa noti mbili za elfu ishirini, mojawapo ikiwa ile ile ya doa la chai, na Abwoli aliponirudishia chenji ndipo nilipoona jambo jingine la kunifedhehesha. Mimi ni mhasibu. Nimehesabu noti hizi tangu zilipotolewa mwaka 2010. Kwenye kila moja, pembeni mwa picha ya ziwa au ya sokwe au ya samaki, kumewekwa michoro ya mikeka na ya vikapu vya Uganda. Aliyezisanifu aliweka nchi na kazi ya mikono kwenye karatasi moja, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nikisoma tarakimu tu.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali moja ninaloliuliza kila ninapoona kitu kilichotengenezwa kwa mkono: kimetoka wapi? Simaanishi duka. Namaanisha bonde gani, mti gani, msimu gani. Ni swali linalochosha watu, hasa wauzaji wenye haraka, lakini limenifikisha mahali ambapo simu na picha zake hazikuwahi kunifikisha.

Lilinipeleka kwanza Bukomansimbi, huko Buganda, mwezi wa tano, mvua zikiwa hazijaisha. Nilichagua wakati huo kwa makusudi, kwa maana gome la mutuba huvunwa msimu wa mvua, utomvu unapokuwa mwingi na gome kubanduka bila kung'ang'ania. Mutuba ni mti wa jamii ya mtini, Ficus natalensis kwa jina la kitaalamu, na gome lake la ndani ndilo linalotengenezwa lubugo, kitambaa ambacho Baganda walikivaa kwa karne nyingi kabla ya misafara ya wafanyabiashara Waarabu kuleta nguo za pamba katika karne ya 19. (Mutuba, mituba, lubugo, mbugo: maneno haya ya Kiganda yanaingia katika ngeli za Kiswahili bila kubisha hodi, nami nitayaacha yaketi.) UNESCO iliutangaza ufundi huu mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu usioshikika, na mwaka 2008 ukaingia katika orodha yake wakilishi.

Mzee aliyenipokea alijifunza Kiswahili akiendesha lori kati ya Kampala na Mombasa, kabla ya kurudi nyumbani kuzishika nyundo za baba yake. Ni mtu wa ukoo wa Ngonge, yaani fisi maji, ambao kwa mapokeo ndio unaomtoa Kaboggoza, mkuu wa mafundi wa lubugo wa Kabaka, mfalme wa Buganda. Baada ya salamu, ambazo kwa Kiganda si jambo la dakika moja, nilimwomba anipeleke kwenye mituba yake. Nilikuwa nimevaa viatu vya kupandia milima, kwa kuwa nilitarajia msitu.

"Mwanangu," akasema, "tangu uliposhuka kwenye boda umeshaipita kumi na minne."

Ilikuwa kweli. Mituba ilikuwa ndani ya shamba la kahawa, ikiwatilia kivuli mibuni na migomba. Mingine ilisimama mpakani, ikiligawa shamba lake na la jirani. Haikuwa imeota yenyewe. Mutuba hupandwa kwa kukata tawi nene na kulichomeka ardhini, na kila mmoja kati ya ile kumi na minne uliwekwa pale na mtu fulani, aliyeufikiria mbuni utakaohitaji kivuli, jirani atakayetaka kujua mpaka, na gome litakalovunwa na mwanawe. Nilikuwa nimesafiri kutoka Kampala nikitazama dirishani vile vilima vya mviringo vya Buganda, mabonde yake ya mafunjo, na ule mchanganyiko wa kijani kizito na kijani chepesi, nikijiambia kwamba hiyo ni mandhari ya asili. Sehemu kubwa yake ni kazi ya mikono. Imesukwa kama mkeka, ila waliousuka hawakutia sahihi.

Vivyo hivyo Bunyonyi, nikikumbuka sasa. Kinachofanya miteremko ile ikae machoni ni ngazi za mashamba zilizochongwa kwa jembe kutoka majini hadi kileleni, mistari ikifuatana kama mishono ya Abwoli.

Jinsi mutuba ulivyo ndani ya maisha ya watu hawa inaonekana hata katika mpangilio wa koo. Ukoo wa Kiganda hugawanyika katika masiga, na essiga ni jiwe la mekoni, ndugu wa figa letu. Kila essiga nalo hugawanyika katika mituba. Tawi la ukoo, kwa hiyo, linaitwa kwa jina la mti ambao mtu alivikwa gome lake, alilala juu yake, na kuzikwa ndani yake. Mzee aliponieleza hayo alikuwa akiparua gome la nje kwa kisu, akilitoa lile tabaka kavu la kijivu, na chini yake ukatokea unyevu wa rangi ya tangawizi. Alikata mviringo juu na mviringo chini, akachana mstari mmoja wa wima, kisha akaweka kisu kando na kuchukua kipande cha mgomba kilichochongwa ncha, maana chuma kingeujeruhi mwili wa mti. Kwa hicho alilisukuma gome polepole likaachana na shina kwa sauti ya kitambaa kinachochanika, hadi likashuka lote zima, likiwa na upana wa shubiri tatu hivi.

Nilidhani sasa tutaelekea kwenye banda. Mzee alikwenda kukata majani ya mgomba. Akalifunika lile shina jeupe, lililokuwa likitoa jasho, kuanzia juu hadi chini, akalifunga kwa kamba za mgomba, akalikagua pande zote kama muuguzi anayekagua bandeji. "Ukimvua mtu nguo, lazima umvishe," akasema, na hakuongeza neno. Shina likitunzwa hivyo hutoa gome jipya, nalo huvunwa tena, na tena, kwa miaka mingi. Tena gome la kwanza kabisa la mti huwa gumu na halina thamani kubwa. Ni yale yanayofuata, yaliyoota juu ya kovu, ndiyo yanayotoa kitambaa laini.

Kuhusu kazi ya bandani nitasema machache, si kwa sababu haina uzito bali kwa sababu inahitaji kusikilizwa kuliko kusomwa. Gome lilibabuliwa kwa moto wa majani makavu ya mgomba ili lilegee, kisha likalazwa juu ya gogo refu, nao Mzee na wanawe wawili wakaketi wakiliponda kwa zamu kwa nyundo za mbao zilizochongwa mifereji kichwani, kwanza nyundo ya mifereji mipana, kisha ya wastani, kisha ya mifereji myembamba kama ya sarafu. Banda liko wazi pande zote lakini lina paa, kwa kuwa jua likilipiga gome mapema litakauka kabla halijalainika. Gome lilikunjwa, likapondwa, likafunguliwa, likakunjwa upande mwingine. Lilitanuka mbele ya macho yangu bila kuongezwa kitu. Kufikia siku ya pili zile shubiri tatu zilikuwa zimepita urefu wa mikono yangu yote miwili niliyoinyoosha, na kitambaa kikatandazwa nje, pembeni kimewekewa mawe kisijikunyate. Tundu mbili zilizotokea penye vifundo vya mti zilizibwa kwa viraka, vikashonwa kwa rafia. Jua likafanya kazi yake: rangi ya tangawizi ikageuka kuwa nyekundu ya matofali, ile ile ya barabara ya vumbi niliyoijia. Nilitaka kumwambia Mzee kwamba mti umeinywa rangi ya ardhi ukaitema kwenye kitambaa. Nashukuru sikusema, maana angenicheka. Ni jua tu.

Usiku ule, nikiwa nimelala kwenye nyumba ya wageni Masaka na sauti ya nyundo bado masikioni, nilikumbuka jambo la utotoni. Shule yetu ya msingi iliwahi kutupeleka Kasubi, kwenye makaburi ya Makabaka wanne, katika lile jumba kubwa la nyasi ambalo UNESCO iliingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Dari lilikuwa na pete 52 za kusuka, moja kwa kila ukoo. Na mbele yetu, kutoka juu hadi chini, kulikuwa na pazia la mbugo. Aliyetuongoza alituambia kwamba nyuma ya pazia kuna kibira, yaani msitu, na kwamba Makabaka hawakufa bali wameingia msituni. Nilikuwa na miaka tisa. Niliinama nikachungulia chini ya pazia kutafuta miti, nikapigwa kofi la kisogo na mwalimu wa zamu, ambalo kwa kweli nililistahili. Jumba lile liliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, likawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na likachukua zaidi ya miaka kumi kujengwa upya kabla ya kuondolewa katika orodha hiyo mwaka 2023. Pale Masaka, katika giza, nilitambua kwamba nilipokuwa nikitafuta miti chini ya pazia, miti ilikuwa ndiyo hiyo niliyoigusa kwa paji la uso.

Nisiwafanye wasomaji wadhani kwamba kila kinachouzwa kwa jina la sanaa ya mikono kina bonde na mti nyuma yake. Wiki mbili baada ya safari hiyo niliingia katika duka moja la vitu vya utamaduni hapa Kampala, la aina ambayo bei zake zimeandikwa kwa dola, nikanunua vitambaa sita vya kuwekea sahani vilivyoitwa lubugo. Vilikuwa vizuri, vimenyooka, vyote sawasawa kwa kila kitu, na kule kufanana kungepaswa kunishtua. Siku mgeni alipomwaga maji, rangi yote ikahamia kwenye kitambaa cheupe cha meza, ikabaki karatasi nene ya kijivu. Niliporudi kulalamika niliambiwa kwamba wazungu hawajawahi kulalamika. Jibu hilo bado nalitafakari. Mnunuzi asiyejua kuuliza kitu kimetoka wapi ndiye anayemlisha mtengenezaji wa karatasi, na Mzee wa Bukomansimbi anabaki na mbugo zake zimekunjwa juu ya kabati zikisubiri msiba.

Wapo, hata hivyo, wasanii wanaouliza. Sanaa Gateja, ambaye jina lake lilimtangulia kwenye kazi, ameunganisha mbugo na shanga za karatasi kwa miaka mingi. Mwaka 2022 Uganda ilipokuwa na banda lake kwa mara ya kwanza kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa huko Italia, ilipeleka kazi za Collin Sekajugo na Acaye Kerunen, na majaji wakalitaja banda hilo kwa heshima. Kazi za Kerunen zilijengwa kwa vitu vilivyosukwa na wanawake wa Uganda kwa rafia, nyuzi za mgomba na makindu. Nilifurahi sana, ingawa mjadala uliofuata miongoni mwa rafiki zangu, kama mkeka ni sanaa au ni ufundi tu, ulinichosha. Mjadala huo una maana katika lugha nyingine. Sisi neno sanaa tulilipata kutoka Kiarabu, ambako shina lake lina maana ya kutengeneza, na hatukuwahi kumtenga mchoraji na mfinyanzi au msusi. Anayetaka kuwatenga atafute kwanza neno jingine.

Nikaona kwamba kuuliza peke yake hakutoshi, na kwamba mtu asiyewahi kuketi chini na kukosea hana haki ya kuandika kurasa nyingi kuhusu kazi za wengine. Kwa hiyo tangu mwezi wa saba kila Jumamosi nakwenda Bombo kwa Mama mkubwa, dada wa mama yangu. Wanubi wa Bombo, ambao ndio watu wa mama, wanajulikana kwa ususi wao wa rangi nyingi, hasa tabaga, yaani kawa la kufunikia chakula, na nyumba ya Mama mkubwa imejaa makawa ukutani, mekundu, manjano na zambarau, kila moja na jua lake katikati. Nilipomwambia nataka kujifunza alinitazama tumbo, akatazama vidole, akasema tuanze na mkeka, kwa kuwa kawa litanitoa machozi.

Mkeka unaanza na ukindu, na ukindu unaanza na majani machanga ya mkindu ambayo hayajafunguka, yaliyokatwa, yakakaushwa, yakachanwa kwa upana mmoja. Mkindu hupenda kingo za vijito na vinamasi. Mama mkubwa anasema zamani alikwenda kwa miguu asubuhi na kurudi na mzigo kichwani kabla ya adhuhuri. Leo kinamasi alichokijua ni mashamba ya viazi na msingi wa nyumba ya mtu, na ukindu anaununua sokoni kwa fungu, ukiwa umetoka mbali asikokujua. Hilo linamkera kuliko bei yenyewe. Ukindu wa kijito chake aliujua tabia. Huu wa sokoni, anasema, ni kama kuoa kwa barua.

Nimegundua kwamba kusuka ukili, ule utepe mrefu wa kindu unaoshonwa kuwa mkeka, kunabadilisha macho kabla ya kubadilisha vidole. Mwezi wa kwanza ukili wangu ulipinda kama njia ya mlevi, kwa sababu nilivuta kwa nguvu zaidi mkono wa kulia, jambo ambalo sikuwahi kulijua kuhusu mwili wangu katika miaka arobaini na mbili. Lakini nikirudi Kampala jioni, barabara inaposhuka kwenye mabonde kabla ya Kawempe, nilianza kuona kitu nilichopita mara mia bila kukiona: mafunjo yaliyo pembeni hayana kijani kimoja. Yaliyochipua ni ya kijani cha limau, yaliyokomaa ni mazito, vichwa vyake vina rangi ya kahawia ya nywele zilizopigwa jua, na yaliyovunjika yanalala kwa pembe ambayo ni ile ile ya kindu zinapopishana. Sikupiga picha. Siku hizi simu inakaa kwenye begi, si kwa nadhiri yoyote, ila mikono inakuwa na kazi.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea Mama mkubwa pima saba za ukili nilizozisuka nyumbani, nikiwa na fahari isiyofichika. Aliuvuta ukili kati ya vidole, taratibu, macho ameyafumba, akafika mahali akasimama.

"Hapa ulikuwa unazungumza na simu," akasema.

Ilikuwa kweli pia. Alifumua pima tatu bila kuniomba radhi, akanirudishia zile nne, na kile kipande kilichofumuliwa, ambacho ukindu wake umeshapinda na haufai kusukwa tena, akakitupa mapajani mwangu nikitafutie kazi nyingine.

Kazi ilikuwepo. Mzee wa Bukomansimbi, siku ninaondoka, alinikatia tawi la mutuba la unene wa mkono wangu, akaliviringisha kwenye gunia lenye unyevu, akaniagiza nilichomeke kabla ya siku tatu kwisha. Nililichomeka kwenye ua wangu wa nyuma, upande wa barabara, ambako jirani yangu aliniuliza kwa upole kwa nini nimepanda nguzo moja tu ya uzio. Upepo wa mvua za mwezi huu ulikuwa umeanza kuilaza. Jumapili niliiinua, nikaizungushia kile kipande cha ukili nilichofumuliwa, nikaifunga kwenye chuma cha lango. Jana asubuhi nilikuta machipukizi mawili, moja likiwa limejipenyeza kati ya kindu mbili.